Hamali na Wasomi wa Soko la Ajira

Juzi pale Feri, nikisubiri kuvuka na mwanangu mgongoni, wanafunzi wawili wa chuo walikuwa wakibishania somo lao la soko la ajira. Mmoja alipigapiga kitabu chake: "Mtandaoni kila mtu mwalimu!" Mwenzake akatikisa simu: "Hicho chako kilizeeka kabla hujakinunua."

Hamali akataka shilingi mia awabebee sanduku lao zito.

"Hamsini, ami," akasema wa kitabu. "Imeandikwa humu, wafanyakazi wakizidi, ujira hushuka."

"Hata huku wasema hivyo hivyo!" akashangilia wa simu.

Hamali akatazama kulia, akatazama kushoto. "Naona hamali mmoja tu, wanangu, na geti lataka kufungwa. Sasa ni mia mbili."

Walilipa. Somo hilo sijui limo kitabuni au simuni. Mimi nililipata bure.