Nyumba Isiyo na Njia

"Kazi ya Masanja ilikuwa inafananaje?" Mama aliniuliza kwa simu, miezi michache baada ya kumzika kaka yangu. Nimesomea kompyuta chuo kikuu, nikaona kumweleza kwa simu hakutatosha. Masanja aliandika programu ya mizani ya pamba kwa chama cha wakulima huko Sola. Sasa mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuisafisha, kuondoa yasiyotumika. Nikaazima ofisini miwani ya uhalisia pepe, nikafunga safari ya kwenda kwake.

Saa mbili asubuhi basi liliondoka Mwanza. Miwani hiyo huigeuza programu kuwa kijiji: kila faili ni nyumba, na faili linaloliita jingine lifanye kazi huunganishwa nalo kwa njia. Sikuwa nikiiamini. Ofisini tuliitumia kuwafurahisha wageni tu.

Tulipofika Lamadi, mama mmoja muuza samaki alipanda, akakaa kando yangu, akaikodolea macho ile miwani mapajani pangu.

"Dada, hiyo ya kuchomelea vyuma?"

"Ya kuonea programu."

"Kwani macho hayatoshi? Nyie wasomi mtauziwa hata hewa!"

Nilicheka. Nilikuwa nimejiuliza hivyohivyo.

Mchana, Bariadi. "Mwadila, mayu," nilimwamkia mama. Hakungoja hata nile, alitaka avalishwe miwani. Akavua kandambili uani, akaanza kutembea mikono mbele, akipiga hodi kila nyumba ya kijiji cha Masanja.

"Mama Masanja, unawapigia hodi kuku?" jirani alimtania.

"Nyamaza. Niko kwa mwanangu."

Akasimama. "Kabula, ile ya pembeni haina njia. Nani anakaa?"

"Hakuna, mama. Haiitwi na faili lolote. Kesho naifuta."

"Umeingia ndani?"

"Sijaingia."

"Wewe uliyekuwa unamhoji hata padri! Unabomoaje nyumba ya kaka yako bila kuingia?"

Aliivua miwani betri ilipokwisha, macho yamelowa. "Amejenga vizuri," akasema. "Ila mwenyewe sijamkuta."

Kesho yake nilirudi Mwanza, pamba imepasuka nyeupe pande zote za barabara. Nilisafisha programu yote, ile nyumba nikaiacha. Moyo wa kuifungua sikuwa nao.

Ulipita mwaka kabla sijaifungua. Ndani mlikuwa na sauti ya Masanja, akitaja uzito kwa Kisukuma, kilo baada ya kilo, ili mkulima asiyejua kusoma asikie mizani inasema nini. Na nyuma yake, kila anapokosea, mama anacheka na kumsahihisha.