Kumbatio la Bibi

Fundi wetu wa katuni hawezi kukuona umesimama bure. Ukipita karibu na meza yake atakusukuma bega kidogo, akutazame unavyoyumba, kisha arudi mbio kwenye kompyuta kuliyumbisha bega la katuni yake vilevile. Vidole vyake havitulii. Hata akinywa chai vinaminya mkate kuona unavyobonyea. Adui yake ni mmoja: ndani ya kompyuta watu hawana uzito. Wiki nzima bibi wa katuni yake alijaribu kumkumbatia mjukuu wake, na wiki nzima mikono yake ikapenya mgongoni mwa mtoto na kutokea kifuani.

Jana asubuhi fundi akaniita mimi na dada anayerekodi sauti, ambaye tulikuwa tumenuniana naye tangu Jumatatu. "Kumbatianeni," akaamuru. Tukagusana kama mbao mbili. "Huko ni kukumbatiana au kupimana nguo? Tena!" Mara ya sita dada akashindwa kujizuia, akacheka, akaniangukia begani kwa uzito wake wote, nami nikarudi hatua moja nyuma. "Hapohapo!" fundi akapiga kelele. "Anayekumbatiwa lazima ayumbe!" Mchana, kwenye skrini, bibi akamkumbatia mjukuu, mtoto akayumba, shati likajikunja chini ya vidole, ofisi nzima ikashangilia. Fundi peke yake hakuwa akitazama skrini. Alikuwa akitutazama sisi, mkono wa dada ukiwa tena begani kwangu. "Usiutoe," akasema, akipapasa meza kutafuta penseli. "Na huo nautaka."