Lukumani na Unga wa Mwantumu

Lukumani wa Ruangwa alikuwa na maneno mengi juu ya vitabu, na hayo ndiyo yaliyomponza. Mtu mwingine akisoma kitabu anakifunga, analala. Yeye akisoma kitabu lazima kijiji kizima kijue alichokiona humo na alichokikataa.

Kiingereza alikipata keya, jeshi la Mwingereza, kule Burma vitani, akarudi nacho pamoja na koti la jeshi na goti bovu. Wazungu walipofungua shamba lao la karanga Nachingwea, akaajiriwa kufagia klabu yao na kupanga vitabu rafuni. Karanga hazikuzaa walivyotarajia. Mwaka wa hamsini na moja wakaanza kufungasha, na mama mmoja wa Kizungu akamwambia achukue vitabu anavyovitaka, maana vilivyobaki vitatiwa moto. Bwana wee, alichukua sanduku zima. Alilifunga kwenye baiskeli, akalisukuma kwa miguu siku mbili mpaka Ruangwa, na mkewe Hajira alipoliona akadhani ni nguo.

Ndani mlikuwa na vitabu vya aina mbili. Aina ya kwanza ilikuwa ya upelelezi, lakini upelelezi wa kistaarabu. Mtu anauawa kijijini, na watu wanaendelea kunywa chai. Hakuna kukimbizana wala kupigana virungu. Bibi kizee mmoja anayefuma sweta anaangalia tope la kiatu, anaangalia kikombe kilichohamishwa, na mwishoni anawakusanya wote sebuleni, anawaeleza mmoja mmoja mpaka mwenye kosa anainamisha kichwa. Lukumani alivipenda vitabu hivyo kupita kiasi. Jioni alikaa barazani akiwasimulia watu kwa Kiswahili, na pale Kiswahili kilipowashinda wazee akawatilia Kimwera. "Na mkosaji," alipenda kusema, "siku zote ni yule msiyemdhania. Yule mpole. Yule anayewamiminia chai."

Aina ya pili aliidharau. Humo mlikuwa na mabwana wa Kizungu wanaokwenda kulala katika nyumba kuukuu ili wawinde mizimu. Wanafunga nyuzi milangoni, wanatundika vipimajoto ukutani, wanamwaga unga sakafuni waone nyayo asubuhi. Lukumani alicheka mpaka machozi. "Akiukamata huo mzimu ataupeleka wapi? Mnadani?" Lakini lililomuudhi hasa ni mwisho wake. Bwana yule anaamka, anakuta unga umevurugika, anapima, anaandika, halafu anakiri kwamba hajui ni nini kilichopita pale. "Kurasa mia mbili," Lukumani alilalamika, "halafu mtu mzima anakuambia sijui. Si angekaa kwao." Hajira peke yake ndiye aliyesema kwamba yeye hivyo vya mizimu anavipenda zaidi, kwa sababu waandishi wake hawana kiburi. Mumewe akamwambia hajui vitabu.

Hajira hakujaliwa mtoto. Alimlea Mwantumu, binti wa Mwanne, dada yake Lukumani. Tangu ana miaka sita binti alilala kwa Hajira, akala kwa Hajira, akafundwa na Hajira. Basi mwaka wa hamsini na tatu, baada ya mavuno ya ufuta, ikaja posa kutoka Nandagala. Kijana aliitwa Shaibu, mkulima, mtu wa sala, na Mwantumu alimtaka. Mwenye kutoa jibu alikuwa mjomba, ndiye Lukumani, na kabla ya jibu ilibidi unga uwekwe.

Sisi huku ni Waislamu na dua tunasoma, lakini unga wa wazee wetu hatukuuacha. Jioni Mwanne alitwaa unga wa mtama, akaudondosha taratibu kwa vidole chini ya mti wa bibi yao nyuma ya nyumba, mpaka ukasimama kilima kidogo chenye ncha. Unaachwa hapo mpaka alfajiri. Ukikutwa umesimama, wazee wameridhia. Ukikutwa umeanguka, hawajaridhia, na hapo hakuna kelele wala msiba: mnasubiri siku kadhaa, mnaweka mwingine. Kisichofanyika kabisa ni mtu kuugusa. Unga uliosimamishwa na mkono wa mtu ni kuwadanganya wazee, na ndoa inayojengwa juu yake haikubaliwi na upande wowote.

Asubuhi ile Mwanne alikuta unga umeanguka. Nusu imemwagika mchangani, nusu imekusanywa vibaya, na pembeni pana alama ya goti la mtu. Wageni wa Nandagala walikuwa wamekwisha fika, wanasubiri jibu. Mwanne akasema basi, tuwaombe radhi, tuweke mwingine Ijumaa. Jambo lingeishia hapo.

Lakini Lukumani aliona alama ya goti. Miaka miwili alikuwa akingoja kitu kama hicho. Akachuchumaa, akapima kwa shubiri, akazunguka mti, akaingia nyumbani kwake na kutoka na kanga ya Hajira yenye unga kwenye pindo. Akawakusanya watu wote barazani, wageni kwa wenyeji. Hajira alikuwa hapo hapo akiwamiminia chai.

Alianza mbali. Akaeleza nani alilala wapi na nani aliamka saa ngapi. Akamtaja Mwanne akamwondoa, akamtaja Mwantumu akamwondoa. Alisema vizuri, na yeye mwenyewe alijisikia anasema vizuri. Kisha akaitandaza ile kanga. "Kila kosa lina sababu yake," alisema. "Na sababu ya huyu ni hii: hakuzaa. Huyu binti ndiye mtoto wake wa pekee, na hataki aolewe aondoke. Ameuangusha unga kwa mkono wake."

Hajira aliweka birika chini. Alimtazama Mwantumu, akamtazama mumewe, hakusema neno. Lukumani aliusoma ule ukimya kama alivyofundishwa na vitabu vyake, akauhesabu kuwa ni kukiri. Mchana ule Hajira alifunga mzigo wake akaenda kwao Marambo, na baada ya miezi mitatu kaka zake wakaja kudai talaka. Lukumani akaitoa. Unga wa Ijumaa ulisimama vizuri kabisa, Mwantumu akaolewa Nandagala.

Ikapita miaka mitano. Mwantumu alikuwa na mtoto wa tatu mgongoni alipomjia mjomba wake na kukaa chini mkekani.

"Mjomba, nina jambo, nimelala nalo tangu niolewe. Asubuhi ile ya unga mimi nilikuwa macho. Nilimwona Mama Hajira akitoka kwenda kisimani. Unga alikuta umekwisha anguka. Akapiga goti, akawa anaukusanya, anaupuliza mchanga, anajaribu kuusimamisha. Alikuwa analia. Alijua wageni wako njiani, akaogopa wataniacha. Haukusimama. Akaondoka."

"Na wewe ulinyamaza?"

"Ningesema kwamba mkono wa mtu ulijaribu kuwadanganya wazee kwa ajili yangu, ningeolewa? Yeye alilijua hilo. Ndiyo maana aliniangalia vile. Nisamehe, mjomba."

Lukumani hakuwa na cha kusamehe, alikuwa na cha kuombea msamaha. Kesho yake alipanda baiskeli na goti lake bovu mpaka Marambo. Hajira alikuwa ameolewa na mjane mmoja mwenye mikorosho, na analea watoto wanne wa bwana huyo. Walimtunzia mgeni heshima yake, wakampa kiti na maji, na mwenye nyumba akajitenga kidogo awaachie nafasi.

Alimwomba radhi. Alisema yote, hakujitetea, na safari hii hakusema vizuri. Hajira alipepeta mtama wake mpaka akamaliza.

"Nimekusamehe zamani, Lukumani. Nisingeweza kuishi na kitu kile."

"Nani aliuangusha, lakini?" Mazoea, jamani. Yalimtoka kabla hajayazuia.

"Sijui," alisema Hajira. "Labda kuku. Labda bibi yenu. Sijui."

Kisha Lukumani akauliza lile lililokuwa limemleta hasa.

"Kwa nini hukuniambia hata pembeni, tukiwa wawili? Ningekufichia siri. Wallahi ningekufichia."

"Tuliamka chumba kimoja asubuhi ile," alisema. "Kanga uliichukua mbele yangu, kwenye kamba. Nikadhani utaniuliza. Nilikuwa nimejiandaa kukwambia. Hukuniuliza kitu, ukaenda barazani ukawaeleza watu mimi ni nani."

Akachukua ungo wake, akaingia ndani kuwapikia watoto.