Umeme wa Mlango wa Saba

Anatoli wa Kalinzi alikuwa fundi wa kukaza skrubu mara mbili: mara ya kwanza kwa ajili ya kazi, mara ya pili kwa ajili ya watu. Hakuzaliwa na tabia hiyo. Mwaka 1996, watu waliokimbia vita ng'ambo ya ziwa walipokuwa wakishuka bandarini kwa mamia, yeye alikuwa akitandaza nyaya katika kituo cha kuwapokea. Asubuhi moja bunda zima la waya likatoweka. Hakuna aliyemwita mwizi. Walimtazama tu, na mwisho wa mwezi hakuitwa tena kazini. Alikaa miaka miwili milimani akichuma kahawa ya baba yake na kujiuliza ni nani aliyeuchukua. Jibu hakulipata, na kwa kuwa hakulipata, alimshuku kila mtu.

Mwaka 2017, wakati Warundi walipokuwa wakikimbia tena nchi yao, Anatoli alikuwa na umri wa miaka hamsini na miwili na alikuwa mwangalizi wa milango katika ghala la dawa la shirika moja la misaada, pale Gungu. Dawa zilikaa humo zikisubiri malori ya kuzipeleka makambini. Milango yake kumi na miwili haikuwa na funguo. Kila mmoja ulishikwa na kufuli la sumaku, na sumaku hiyo ilishika kwa nguvu ya umeme: umeme ukiwapo, wanaume wawili hawauvuti mlango, umeme ukipungua, mtoto anausukuma kwa bega. Umeme wenyewe ulitoka katika sanduku moja la chuma lililofungwa ukutani, lenye betri zake kwa ajili ya siku ambazo mji mzima unazimika, na kutoka humo kila mlango ulipewa laini yake. Sanduku liliunganishwa na mtandao. Mhandisi Lulu, akiwa ofisini Dar es Salaam, aliweza kuona kila laini inakula umeme kiasi gani, kuikata na kuirudisha, na hata kuifunga kadi ya mtu asiingie.

Siku moja katikati ya Agosti, Lulu alimpigia simu.

"Shikamoo, Mzee Anatoli."

"Marahaba, mwanangu."

"Laini ya saba inakula mara nne ya wenzake. Asubuhi inapanda, alasiri inashuka."

"Labda kufuli limechoka."

"Lingechoka lingekula siku zote. Hili lina siku zake za kuacha kula. Julai, tarehe tano hadi kumi na tatu, kimya. Mwezi huu, tarehe tatu hadi kumi na moja, kimya. Hapo kuna mtu anayenyonya umeme, mzee, sumaku ikalegea, na asipokuwepo laini hutulia. Nitafutie ni nani hakuwepo."

Mlango wa saba, uliokuwa katika ukuta wa nyuma, ndio uliofunga chumba cha dawa za maumivu makali, zile ambazo mtaani huuzwa kwa kificho. Aliyekuwa akifanya kazi humo kutwa nzima, akifungasha na kubandika karatasi, alikuwa Melania. Mwanamke huyo alizaliwa katika makazi ya Katumba, na wazazi wake walikuwa wamekimbia Burundi mwaka 1972. Uraia alikuwa ameupata, lakini uraia hauondoi lafudhi. Anatoli, ambaye Kiha chake na Kirundi cha Melania vilielewana kama mtu na binamu yake, alimsikia akizungumza na simu, akaelewa karibu kila neno, na bado akaona kwamba kuna jambo analofichwa.

Akafungua daftari la mahudhurio. Mwanzoni mwa Julai Melania alikuwa Katumba kumzika shangazi yake. Mwanzoni mwa Agosti alikuwa ametumwa Kasulu. Anatoli akalifunga daftari taratibu, kama mtu anayefunika chungu asitake mvuke utoke.

Tangu hapo hakumwachia nafasi. Alihesabu mara anazoingia. Alimwona akiweka kiganja juu ya fremu ya mlango na kusikiliza. Akakumbuka pia kwamba ni Melania huyohuyo aliyekuja kwake Juni kumwambia, "Mzee, mlango wetu umelegea, nimeusukuma kwa kiwiko ukafunguka." Wakati ule alimshukuru. Sasa alijiuliza: mfungashaji wa dawa amejuaje habari za sumaku?

Akamwendea Saad, mlinzi wa geti la nyuma, mtu wa Ujiji mwenye ulimi mwepesi, ambaye kibanda chake kilikuwa kimeegemea ukuta huohuo.

"Umeona nini huku nyuma?"

"Nimeona Muha anayenyemelea kama paka wa msikitini," Saad alisema. "Ninyi watu wa milimani mnashuku hata uji, eti kwa nini unatoa mvuke."

"Nakuuliza kwa dhati, Saad."

Saad akatazama upande. "Mimi sisemi kitu. Yule mama huja na kikapu kimefunikwa kitambaa, na hutoka nacho vilevile. Ndani yake sijui. Kikapu nimekiona."

Maneno hayo yakamkaa Anatoli moyoni kama mwiba wa samaki. Mchana uleule akamngojea Melania ukumbini.

"Kikapuni una nini?"

"Chakula, mzee. Na daftari la mwanangu, nalikagua wakati wa kula."

"Funua."

Akafunua. Palikuwa na bakuli, kijiko na daftari la hesabu. Hakukasirika usoni, na hilo nalo Anatoli alilitia katika orodha ya mambo ya kushuku, maana mtu safi, kwa maoni yake, angekasirika.

"Kuna jambo, mzee?"

"Jambo likiwapo utalisikia."

"Mimi nina watoto watatu na hakuna mwingine wa kuwalisha," Melania alisema. "Jambo likiwapo, naomba nilisikie mimi kwanza."

Hakulisikia kwanza. Tarehe mosi Septemba Anatoli alimwandikia Lulu barua ya ukurasa mmoja, yenye vifungu vitatu na tarehe zote, akieleza kwamba shaka yake imemwangukia mfungashaji wa chumba cha saba. Siku iliyofuata, Jumamosi, Melania aligusisha kadi yake mlangoni mbele ya wenzake wanne, na taa ikabaki nyekundu. Akagusisha tena. Wa tatu katika foleni akanong'ona neno moja, "Mrundi," na wengine wakatazama chini. Melania akaiweka kadi juu ya dawati la mapokezi, akaondoka na kikapu chake.

Jumatatu Lulu akapiga simu. Sauti yake ilikuwa na furaha.

"Mzee, hongera. Jana na leo laini ya saba imetulia kabisa. Tumemtoa mtu, na tatizo limetoka naye. Barua ya kumwachisha kazi itatoka kesho jioni."

Anatoli alirudi nyumbani akijisikia kama mtu aliyelipwa deni la miaka ishirini. Jua lilikuwa halijazama. Mkewe Agnesi akamtengea ugali na maharage.

"Dagaa wabichi vipi?"

"Dagaa gani? Tangu juzi wavuvi wa Kibirizi hawashuki ziwani. Mwezi unapevuka. Mvuvi akawashe taa amwangazie nani? Mpaka giza lirudi, baba, utakula maharage."

Anatoli akamega tonge, kisha likabaki mkononi. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa, na dagaa hufuata taa katika giza tu. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi hukaa nchi kavu siku nane, siku tisa. Taa zao hizo ni za betri, na betri lazima zijazwe mahali fulani, mchana.

"Mwezi uliopita walikaa lini?" aliuliza.

"Mwanzoni mwanzoni. Kama sasa."

"Na Julai?"

"Umekuwa mnajimu?" Agnesi alisema. "Kula."

Asubuhi ya Jumanne, kabla ya wafanyakazi kuingia, alimwomba Lulu amtumie vipimo vya Juni, mwezi ambao hakuna aliyekuwa ameutazama. Laini ilikuwa kimya tangu tarehe tano hadi kumi na tatu. Akalifungua daftari la mahudhurio. Siku hizo zote tisa Melania alikuwa kazini, na sahihi yake ilikuwa imenyooka kila asubuhi.

Ndipo Anatoli akafanya kazi ambayo angepaswa kuifanya siku ya kwanza. Kwa wiki tatu alikuwa amewachunguza watu. Waya hakuutazama hata mara moja. Akaufuata kutoka kwenye sanduku, chumba kwa chumba, mpaka unapotoka kwa bomba nje ya ukuta wa nyuma. Kifuniko cha kiungio cha nje kilikuwa kimeshikwa na skrubu moja badala ya nne. Ndani yake waya mwingine, mwekundu na mweusi, uliungwa kwa utepe, ukapita chini ya matofali na kuingia katika kibanda cha Saad. Betri moja ya taa ya mtumbwi ilikuwa imebaki humo, chini ya kiti.

Saad alikuwa amesimama mlangoni. Hakujaribu kukana.

"Taa za dada yangu Zuleha," alisema. "Ana mtumbwi mmoja, na mumewe anaumwa. Umeme wenyewe ni kidogo tu, Mzee Anatoli. Mlango haukufa."

"Ulilegea. Kwa nini ukaniambia habari za kikapu?"

"Uliniuliza nimeona nini. Nimeona kikapu. Kilikuwapo."

"Saad."

"Sasa yamekwisha. Waya nitautoa, laini itatulia milele, utasifiwa na Dar es Salaam. Yule mama atapata kazi kwingine. Wale wamezoea kuhama."

Anatoli aliutazama ule waya mwekundu. Akawaza kwamba mwaka ule wa bunda la waya, nyuma ya ukuta fulani, mtu fulani alisema juu yake maneno kama hayo, kwa upole uleule. Akatoa simu.

"Lulu, mwanangu. Melania si mkosaji. Nilikosea."

"Mzee, lakini laini imetulia tangu alipotoka."

"Imetulia kwa sababu ya mwezi. Usibishane nami, tazama tu. Unaiona laini ya saba?"

"Naiona. Ampea nukta tano."

Akaivuta betri kutoka chini ya kiti, akazibana ncha mbili za waya juu yake, simu ikiwa katikati ya sikio na bega. Saad akageuza uso akatazama geti.

"Imepanda," Lulu alisema. "Moja nukta tisa. Mzee, umefanya nini?"

Akabandua.

"Imeshuka."

"Na Melania yuko nyumbani kwake," Anatoli alisema. "Barua ya kumwachisha isitoke. Ifungue kadi. Aliyeunga waya ni mlinzi wa nyuma, Saad, na sababu yake ataieleza mwenyewe. Aliyeacha kiungio bila kukikagua mwaka mzima ni mimi. Andika yote mawili."

"Nitaandika, mzee," Lulu akasema.

Adhuhuri alikwenda kwa bodaboda hadi nyumba aliyopanga Melania, mwisho wa Gungu. Alimkuta Melania akianika nguo. Melania alimwamkia kama kawaida, lakini kiti hakumpa. Anatoli akamsimulia yote akiwa wima: taa, mwezi, waya, barua.

"Ile barua ya kwanza uliiandika," Melania alisema. "Hii umeisema tu. Watu wanne waliniona nikikataliwa na mlango."

Anatoli akatoa karatasi na kalamu, akaandika juu ya goti. Alipomaliza akampa. Melania akaisoma hadi mwisho, akairudisha.

"Umeandika, 'imebainika kwamba shaka haikuwa na msingi.' Shaka ya nani?"

"Yangu."

"Sijaliona jina lako."

Anatoli, aliyefundishwa tangu darasani kwamba barua ya kazi haifutwi-futwi, akachukua karatasi nyingine. Akaandika jina lake kamili, kwamba alimshuku Melania kwa sababu ya mahali wazazi wake walikotoka na kwa tarehe mbili alizozisoma nusu, na kwamba karatasi hiyo ibandikwe mapokezi. Mkono ulikuwa mzito katika mstari wa wazazi, lakini hakuuruka.

Melania akaisoma tena, polepole. Safari hii hakuirudisha.

"Hii nitaibandika mwenyewe," alisema. "Kesho saa mbili nitakuja. Nitagusisha kadi mara moja. Mlango usipofunguka, sitagonga."

"Utafunguka," Anatoli alisema.

Melania akageukia kamba yake ya nguo. "Tutaona, mzee."