Hodi katika Nyumba ya Mawe

Usiku ule nililala kompyuta ikiwa bado inawaka mezani. Nilikuwa nimemaliza andiko langu la kuomba ufadhili wa utafiti, lakini sikuwa na moyo wa kulituma. Mwisho wa kupokea maombi ulikuwa kesho yake saa sita mchana. Ufadhili wenyewe ulikuwa wa mwaka mmoja katika chuo cha mbali, kwa watafiti chipukizi wa historia ya zama za kati, na tangazo lake lilipambwa kwa picha ya ngome na wapanda farasi. Zama zangu za kati hazina farasi hata mmoja. Zina nyumba za matumbawe katika kisiwa kimoja cha kusini, msikiti uliobaki nguzo, na vigae vya vyungu kila unapokanyaga.

Mtu huhesabiwa chipukizi kwa miaka michache tu baada ya kutunukiwa uzamivu, na yangu ilikuwa ukingoni. Mvi zimeshanianza na bado naitwa chipukizi, ila mwaka ukigeuka hata uchipukizi huo nisingekuwa nao. Mkataba wangu wa kufundisha kwa muda ulikuwa umekwisha bila mtu kuutaja tena. Kaka yangu Salum alikuwa ameniombea kazi katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini, na wenye ofisi walitaka jibu. Kwa hiyo ilikuwa ama nipate ufadhili huu, ama niviage vigae nikaandike habari za makontena.

Rafiki yangu Haule, tuliyesoma naye, alikuwa amelisoma andiko langu la kwanza akanipigia simu. "Dada Zuhura," alisema, "wewe unawaeleza watu vyungu vya kupikia, nani atakusoma? Wape wanachokijua. Waeleze mabakuli ya Uchina. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na wewe inama."

Nikainama. Nilitoa habari zote za vyungu, nikaweka mabakuli ya kijani yaliyovuka bahari, wafalme walioyatuma na wafanyabiashara walioyapokea. Andiko likapendeza. Haule akasema sasa huko ndiko kuandika. Mimi nililisoma mara ya mwisho nikaona halina kosa, tena halina mtu ndani yake, nikaenda kulala.

Mimi si mtu wa ndoto. Nikiota, huwa naota nimechelewa basi. Ndiyo maana hii naisimulia jinsi ilivyokuja, bila kuitia chumvi.

Mwalimu Rukia, aliyenifundisha kuchimba magofu, alikuwa amefariki masika ya mwaka uliotangulia. Alikuwa mwanamke mfupi, mkali, mwenye kufunga kanga juu ya suruali, na alituita sote "mwanangu", hasa anapotukaripia. Hakuingia katika gofu lolote bila kupiga hodi. Alisimama penye mlango, hata kama mlango wenyewe ni mawe mawili tu, akaita, akasubiri kidogo, kisha ndipo akaingia. Wageni waliokuja kuchimba nasi walidhani ni mzaha. "Nyumba ya mtu hiyo," alikuwa akiwaambia, wala hakuongeza neno.

Na jioni, tulipokaa kuosha vigae, alitukataza kugusa vile vinavyong'aa mpaka vyeusi vya masizi viishe. Kila mwanafunzi mpya alikosea hapohapo. Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye kile kipande cha kijani, na Mwalimu Rukia aliuchapa kofi dogo kama la mtoto anayedokoa nyama. Mimi nilichapwa msimu wangu wa kwanza, na sikudokoa tena.

Basi, ndotoni nilikuwa nimekaa mbele ya jopo. Ulikuwa ukumbi mrefu wenye baridi, na watu waliokaa nyuma ya meza sura zao sikuzishika. Mmoja aliniambia nieleze utafiti wangu. Nikaanza kusema habari za mabakuli, na kila nilipoyataja wote walitikisa vichwa kwa kuridhika. Niliona mambo yanakwenda vizuri, na nilishangaa kwamba sikufurahi.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Mwalimu Rukia na karai la maji, mswaki wa kuoshea vigae umeelea ndani. Alikuwa na kanga yake ya zambarau. Nilijua amekufa, hilo halikunishangaza. Kilichonishangaza ni kwamba alipita mbele ya jopo zima bila kulisalimu, yeye aliyekuwa akitugombeza kwa kukosa salamu.

"Shikamoo, mwalimu," nikasema.

"Marahaba. Njoo."

Nainuka namfuata. Hakuna anayenizuia. Nyuma yangu wanaendelea kutikisa vichwa ingawa hakuna tena anayesema. Tunavuka kizingiti cha ukumbi na nje yake ni kisiwani, asubuhi, umande bado uko kwenye magugu. Mbele yetu imesimama nyumba ileile tuliyoichimba msimu wangu wa kwanza. Naijua kwa kona yake ya mashariki iliyopinda. Ila sasa ina paa, kuta zake zimepigwa chokaa, na penye mawe mawili pana mlango wa mbao.

Mwalimu anasimama kando. Karai hana tena.

"Piga wewe," ananiambia.

Napiga hodi. Kimya. Hilo nimelizoea, maana kwa misimu yote tuliyochimba hodi zetu hazikuwahi kuitikiwa, na sisi tulisubiri kwa adabu tu. Napiga ya pili.

"Karibu," inaitikia sauti ya mwanamke kutoka ndani.

Hofu ya sauti hiyo ilinijia baadaye, nilipoamka. Mle ndotoni naona ni jambo la kawaida kwamba mwenye nyumba yumo. Navua viatu, naingia. Ukumbi wa mbele una kivuli na harufu ya udi. Ukutani pana vidaka, vile vishimo vya kuwekea vyombo vya fahari, na katika kidaka cha katikati limekaa bakuli la kijani. Nalitambua. Kipande chake kimoja, kisichozidi kiganja, nimekitazama miaka kadhaa, nimekipima, nimekichora, na usiku uleule nilikuwa nimekiandikia kurasa. Sasa naliona bakuli lenyewe zima. Nanyoosha mkono.

Mwalimu ananichapa kofi dogo.

Nacheka. Sikuwa nimecheka hivyo tangu tulipomzika. Naye anacheka, kwa pua, kama kawaida yake, na kwa kitambo kidogo mambo yote yanakuwa sawa.

Kisha ile sauti inatoka tena, upande wa nyuma, jikoni.

"Mmekuja kwa nani?"

Nalijua tanuri lililochoma bakuli la kidakani. Najua bandari zilizolipitisha. Lakini mwanamke anayeniuliza simjui, na nyumba ni yake. Namgeukia Mwalimu Rukia aniokoe, maana siku ya kutetea tasnifu yangu aliniokoa, alikohoa nikapata muda wa kufikiri. Safari hii hakohoi. Ananitazama tu.

Tuko jikoni. Sijui tumefikaje. Mwanamke ametugeuzia mgongo, ameinama juu ya mafiga matatu, anakoroga. Kitu ninachokiona vizuri ni chungu chake. Tumbo lake ni jeusi kwa masizi, na shingoni pana mistari midogo iliyokwaruzwa kwa ukucha au kwa ganda la kombe, mfano wa ile niliyoichora mpaka vidole vikauma. Ni chungu nilichokiondoa kwenye andiko.

"Tumekuja kwako," namwambia.

Hageuki. "Basi kaeni," anasema. "Chakula bado."

Pembeni pana kigoda kimoja. Mwalimu Rukia anakikalia, anakunja kanga magotini, anatulia kama mtu aliyefika kwake. Mimi natafuta pa kukaa sipaoni.

"Na mimi, mwalimu?"

"Wewe una kazi. Mimi nimeshakaribishwa."

Nilitaka kubaki. Nasema wazi, nilitaka kubaki kuliko nilivyowahi kuutaka ufadhili wowote. Nilikuwa nimemkosa mwaka mzima na sikuwa nimemwambia mtu, kwa sababu mwalimu si mama wala dada, na watu hawakupi pole ya mwalimu zaidi ya siku tatu. Lakini nilichomwambia ni kile nilichokiogopa tangu jioni.

"Wataninyima."

"Huenda," anasema. Anautazama moto. "Anza jikoni, mwanangu. Sebuleni watafika wenyewe."

Nikaamka. Kulikuwa kumepambazuka na mashavu yangu yalikuwa na maji. Kompyuta mezani ilikuwa imejizima. Nikabaki kitandani kidogo nikijaribu kukumbuka ni lini Mwalimu alituambia maneno yale ya jikoni, chuoni au kisiwani, kwa kuwa ndoto huokota kilichomo kichwani na hilo nalijua. Sikukumbuka. Hata leo sijakumbuka, na nimewauliza waliosoma naye kabla yangu.

Mama, ninayeishi naye, alikuwa ameshaamka. Nilimsikia na sufuria zake. Nilipotoka aliniangalia machoni, akaniuliza:

"Ulikuwa unampigia nani hodi?"

"Nimepiga hodi?"

"Mara mbili. Ya kwanza nilidhani ni jirani. Ya pili nikajua ni wewe, usingizini huko." Akarudi kwenye uji wake. "Nikakuitikia. Hodi haiachwi hivihivi."

Kwa hiyo hilo lilikuwa na maelezo yake. Sauti ile ilikuwa ya mama, imepita ukutani ikaingia ndotoni, na mtu wa kawaida angeishia hapo akapata nafuu. Mimi nafuu sikuipata, wala sikuitaka. Nilisimama mlangoni nautazama mgongo wake, ameinama, anakoroga.

Nikaenda kuichukua kompyuta, nikaiweka juu ya meza ndogo ya jikoni, kati ya nyanya na chupa ya chai. Nikalifungua andiko nikalifuta kuanzia juu. Bakuli sikulitupa, nilijua nitalifikia mbele. Saa sita ilikuwa mbali kiasi, na vidole vilikwenda vyenyewe.

"Leo unaandikia humu?" mama akauliza.

"Ndiyo."

"Na hao watu wako watakupa hiyo nafasi?"

"Huenda."

Akanisogezea kikombe. Akaniambia nimsomee nilichoandika, jambo ambalo hajawahi kulitaka tangu nianze shule. Nilikuwa na sentensi moja tu, nikamsomea: katika nyumba hii aliishi mwanamke aliyepika, jina lake limepotea, lakini chungu chake tunacho.

Mama alikoroga kidogo, akaonja chumvi.

"Alipika nini?" akauliza.

Nikamwambia hilo ndilo ninaloomba kwenda kulitafuta.