Kitabu cha Saba Chini ya Kanga ya Mtani

Nilipoingia na kile kitabu nyumbani kwa baba, kambini Ngombezi, sikuwa hata nimevua viatu. Bibi jirani, mtani wa baba, alikuwa amekaa mlangoni pa chumba alimolala baba mgonjwa anachambua mchicha. Nikamwamkia, "Bibi, shikamoo." Akaitikia, "Marahaba, mjukuu wa manamba. Hicho umemletea nani?" Nami kwa ujinga wangu nikasema ukweli: ni cha saba, kile cha mwisho, nimekipata Handeni ninakoishi, kwa muuza vitabu chakavu sokoni. Loh! Mkono wake ulitoka kabla sijamaliza kusema. Kitabu kikaingia chini ya kanga, na yeye akarudi kwenye mchicha wake.

Ngoja nieleze, maana asiyejua kambi za mkonge atadhani ni wizi. Babu yangu aliletwa huku Tanga kutoka Unyamwezi kwa mkataba wa mkonge, manamba, mtu wa kuitwa kwa namba. Aliahidiwa kurudishwa kwao mkataba ukiisha. Hakurudi. Baba alizaliwa kambini, akafanya kazi kwenye korona, ile mashine inayosaga majani ya mkonge kutoa singa za kusokotea kamba, mpaka akastaafu, na huko Unyamwezi hakuwahi kukanyaga. Bibi huyu ni Mzigua. Mzigua na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na mtani ana haki zake. Anakutukana mchana kweupe, anabeba kitu chako mbele ya macho yako, na wewe unakikomboa kwa kitu kingine huku unacheka. Ukinuna umeshindwa. Ukimkasirikia kwelikweli umeutia ukoo mzima aibu. Na siku ukifa, watani ndio wanaoshika majembe.

Sasa hivyo vitabu. Ni riwaya ya safari za angani, ya zamani, vitabu saba vinavyofuatana. Sita vya kwanza baba aliachiwa na karani mmoja wa shamba aliyehama, na Jumapili mchana alikuwa anakaa kizingitini anatusomea kwa sauti. Watu waliacha bao, wanawake walisogeza mabeseni yao ya kufulia karibu. Hadithi yenyewe ni ya watu waliopakiwa kwenye chombo kwa mkataba, waende kufanya kazi kwenye nyota za mbali, wakaahidiwa kurudishwa. Chombo kinazidi kwenda tu. Wanaoana humo, wanazeeka humo, wanapigana na majambazi wa angani, wanapita katikati ya mawe yanayowaka, na watoto wao wanaulizana nyumbani kukoje. Kambi nzima iliwaita manamba wa angani. Kulikuwa na mzee mmoja wa Kibena ambaye kila nahodha akisema "mwakani tunarudi," yeye alitema mate pembeni: "Mwongo! Na sisi tuliambiwa hivyohivyo."

Mimi utotoni nilitaka vita tu. Nilipokua nikavisoma tena mwenyewe, na bado navirudia kila baada ya muda, japo nimeshasoma vingine vyenye mitambo ya kisasa zaidi. Mitambo ya humu imechakaa jamani, ni swichi na nyaya kama redio ya mbao ya babu. Lakini ukifungua ukurasa, swali ni lilelile na linakukaba vilevile: je, watafika kwao? Kitabu cha sita kinaishia nahodha amesimama dirishani, ameiona nyota ndogo ya kwao. Hapo hapo kinakatika. Baba aliulizia cha saba Korogwe, Muheza, Tanga mjini, aliagiza mpaka Dar, wapi! Alizeeka na nahodha wake amesimama dirishani.

Halafu moyo wake ukaanza kuchoka. Hospitali wakamrudisha, wakasema tukae naye karibu. Ndugu wa Tabora, huko Unyamwezi, wakawa wanapiga simu kila kukicha, kwa adabu lakini hawajifichi, wanauliza ikitokea la kutokea azikwe wapi, maana mtu huzikwa kwao. Baba mwenyewe hakuwajibu. Ndio mwezi huohuo mimi nikakiokota cha saba pale Handeni, kimelazwa kati ya kamusi na vitabu vya sala, nikapanda gari siku hiyohiyo.

Na sasa kiko chini ya kanga ya Mzigua.

Nikaingia chumbani. Baba akaniuliza nimekuja na nini, nikamwambia. Aliinua kichwa kwenye mto, akanitazama kama mtu aliyeitwa jina. "Soma." Nikamwambia mtani wake amekibeba. Akacheka mpaka akakohoa. "Basi kikomboe, unasubiri nini?"

Nikaleta kuku. Bibi akamminya kifuani. "Huyu ni kuku au njiwa?" Nikaleta sukari, akasema anataka na majani ya chai ya Dindira. Nikafuata majani ya chai Korogwe. Akanusa, akasema haya ni vumbi la barabarani. Watu wanacheka, na mimi nacheka, meno nje tu. Maana huku baba miguu inavimba, uji anakunywa vijiko viwili anageuza uso. Kila akizinduka anauliza kwa sauti inayozidi kuwa nyembamba: "Kimekombolewa?" Mwanzoni aliuliza huku anatabasamu. Baadaye akawa anauliza tu.

Ikafika asubuhi moja hakunitambua mara moja. Nilitoka mbio pale chumbani. Bibi alikuwa uani na wanawake waliokuja kumjulia hali mgonjwa, anawaambia ameshaosha sufuria la ubwabwa wa msiba ila mzee mwenyewe anachelewa. Mwenyezi Mungu anisamehe au asinisamehe, sikuweza tena.

"Bibi, sasa basi! Baba anakufa! Lete kitabu, mchawi mkubwa wewe!"

Kuitana mchawi ni kawaida ya utani, lakini kila mtu alisikia sauti niliyoitoa haikuwa ya utani. Shangazi, aliyekuja kumuuguza baba, akashika kichwa kwa mikono miwili. Nilingoja bibi anirudishie tusi ili tuokoe hali. Hakurudisha. Alinitazama tu.

"Najua anakufa," akasema. "Wewe unadhani anasubiri nini? Kula hali, maji yamemjaa miguuni, lakini kila nikija asubuhi namkuta. Anasubiri hicho. Wewe msomee mwisho, kisha uniambie atabaki kwa ajili ya nini. Nimemtukana mtu huyu tangu nikiwa mwali. Akiondoka nitamtukana nani?"

Nilikuwa na hasira zangu zote mkononi na sina pa kuziweka. Ndipo sauti ikatoka chumbani, ya kukwaruza.

"We Mzigua! Unataka nife kitabu kiko chini ya kanga yako? Nikikutana na baba yangu akaniuliza wale watu walifika au hawakufika, nimjibu nini?"

Bibi akainuka. Aliingia mwenyewe, akakitoa, akakiweka juu ya kifua cha baba, akatoka.

Tulisoma mchana, kidogo kidogo, kadiri pumzi zake zilivyoruhusu. Bibi alikaa mlangoni ametupa mgongo, ungo wa mchele mapajani, na mambo yakipamba moto chomboni mikono yake ilisimama. Wakati mwingine nilinyamaza nikidhani baba amelala, bibi ndiye anayesema bila kugeuka, "Enhe?" Lakini tulipobakiza sura moja alibeba kigoda chake. "Hiyo someni wenyewe," akasema, akaenda kwake.

Nikasoma. Chombo kinatua. Wenyeji wanatoka kuwapokea, wanasema lugha ileile ya babu zao, ila kwa lafudhi nyingine. Wanawauliza, "Nyie mmetoka wapi?" Nahodha, sasa mzee, anafungua mdomo aseme "sisi ni wa hapahapa," haitoki. Anataja jina la chombo. Hakuna anayewafukuza. Wanapewa maji, wanatandikiwa mikeka, kama wageni. Jua linapoinama, mmoja mmoja, wanarudi kwenye chombo, kwa sababu kule ndiko wanakojua mlango upi unalia na nani alizaliwa chumba gani.

Nilipofunga kitabu baba alikuwa amefumba macho. Nilimwita, kimya. Nikamwita tena, nikaweka kiganja kifuani kwake, sisikii kitu zaidi ya moyo wangu mwenyewe.

"Nipo," akasema.

Akafumbua macho. "Wapigie wa Tabora. Waambie nimewashukuru sana. Mnizike hapahapa, nyuma ya kambi."

Alituacha kabla juma halijaisha. Watani walichimba. Bibi alisimama kando ya kaburi ameshika jembe lake, na siku hiyo hakumtukana mtu. Msiba ulipoanuliwa aliingia ndani kuchukua haki yake, kwa kuwa mtani hatoki mikono mitupu kwa marehemu. Akaipita baiskeli, akaipita redio, akachukua cha saba. Hakuna aliyetaka kukikomboa.

Hajui kusoma. Kwa hiyo nikitoka Handeni kuja kufyeka kaburini, napita kwake, ananiwekea kigoda, anakitoa chini ya mto. Tumeshakipitia zaidi ya mara moja, na bado anashtuka palepale na kumlaani jambazi yuleyule. Nikifika sura ya mwisho anaweka kiganja juu ya ukurasa. Anasema nahodha mwache kwanza pale dirishani, anaiona nyota ya kwao. Kisha ananinyang'anya kitabu, anakiingiza chini ya kanga, ananiambia mjukuu wa manamba ondoka, utakosa gari la Handeni.