Sufuria ya Eufrasia Iliponuna

Shangazi yangu Eufrasia aliuza tamale, yale madonge ya unga wa mahindi yanayopikwa ndani ya maganda, pale sokoni Cholula mpaka magoti yakagoma. Siku hizi anapikia nyumbani, na hakuna anayepita jikoni kwake bila kukosolewa, paka akiwamo.

Jumamosi moja wazazi wa kijana Anselmo walikuwa wanakuja adhuhuri kumposea mwana wao binti wa shangazi, Citlali. Mama yake Anselmo ni mpishi mwenye ulimi mkali. Shangazi aliamini tamale zikiharibika, na posa imeharibika, akatutia hofu sote.

Asubuhi mdogo wake, Remedios, alikuja kusaidia. Wakikanda unga wa mahindi ya buluu, Remedios akasema mafuta ya nguruwe hayatoshi.

"Unanifundisha mimi? Wewe uliyemlisha marehemu mumeo maharage ya kopo?"

"Na alikufa ameshiba, dada. Wako alikimbia!"

Hapo hawakusemezana tena. Walifunga unga kwenye maganda ya mahindi wakipeana visogo, wakapanga tamale sufuriani, wakawasha moto.

Saa zikapita. Shangazi akafunua: unga mbichi, unanata. Kuni zikaongezwa, bado mbichi. Kwetu hakuna aliyeuliza kwa nini. Tamale haziivi palipo na ugomvi, mpaka waliogombana wacheze ngoma mbele ya sufuria, hasira ziwatoke.

"Mama, chezeni basi!" Citlali alikuwa karibu kulia. "Watu wako njiani!"

"Aanze aliyeanza."

"Mimi nacheza," akasema Remedios, "lakini ni kwa ajili ya mtoto, si yako."

Basi wakacheza, mmoja akishika kiuno, mwingine akishika meza. Nilicheka mpaka nikafukuzwa hadi mlangoni. Wakafunua tena. Mbichi.

"Miguu yako imecheza, dada, ila roho bado imenuna."

Shangazi akamtazama binti yake, kisha akainamia sufuria. "Nisamehe," akaiambia. "Nilisema vibaya. Mumeo alikuwa mtu mwema."

Remedios akajifuta macho kwa aproni. "Sufuria inasema imesikia."

Wageni walisubiri kidogo tu, tamale zikaiva. Mama yake Anselmo alikula moja, akaomba nyingine, kisha akauliza, "Unga huu kaukanda nani?"

Shangazi akamtupia Remedios jicho.

"Mimi na mdogo wangu," akasema, kwa uchungu kama wa mtu anayeng'olewa jino.